Fundi kasema injini imekufa. Kapima nini?

Wiki iliyopita, saa tatu usiku, ndugu mmoja wa Masasi alinitumia picha ya karatasi ya daftari kwenye WhatsApp. Kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka. Injini 1,700,000. Ufundi 350,000. Oili, maji ya rejeta na mengineyo 180,000. Jumla 2,230,000, imepigiwa mistari miwili chini. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, fundi wa huku Masasi kasema injini imekufa, gari inachemsha. Nimpe hela?"

Mimi ni fundi. Ufundi magari nilisomea VETA hapahapa Mtwara, na gereji yangu iko upande wa Mkanaledi, karibu na stendi kuu. Kwa hiyo usitegemee nianze kwa kuwaita wenzangu wezi. Wezi wapo, kazi gani haina wezi? Lakini kwa ninayoyaona, hela nyingi za wateja hazipotei kwa wizi, zinapotea kwa kubahatisha. Fundi anasikia "inachemsha", anakumbuka gari ya mwezi jana iliyochemsha ikawa gasketi (kile kibati cha kuzibia kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu), anaandika gasketi. Hajakudanganya, anaamini anachokisema. Na huyo ndiye mgumu kumshtukia, maana ukimtazama usoni unaona mtu mkweli.

Nilimjibu yule ndugu kwa swali moja: kapima nini?

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa faida ya kupima. Msimu wa korosho ukifika, mkulima wa Tandahimba hakubali mtu asimame mlangoni, atupie jicho magunia, aseme "hapa pana kilo mia nne". Anataka mzani wa chama cha msingi cha ushirika, anataka na stakabadhi yake mkononi. Mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, akija na bakuli lake la kupimia, kila mtu anajua nani ataumia. Halafu mkulima huyohuyo, malipo yakishaingia, anapeleka gari gereji na kukubali injini yake ipimwe kwa sikio. Kangomba tu na yenyewe, ila hii inafanyika chini ya mwembe.

Mimi mwenyewe nimewahi kuifanya. Mwalimu mmoja wa upande wa Mikindani aliniletea Noah. Maji yanapungua, mshale wa joto unapanda akiwa anakwenda kwao Newala, mjini haimsumbui hata siku moja. Hayo yote alinieleza vizuri kabisa, na kama ningemsikiliza ningeshapata nusu ya jibu. Sikumsikiliza. Nilifungua mfuniko wa rejeta, nikaona maji mekundu ya kutu, nikaiwasha injini, nikainamisha kichwa kidogo kama daktari, nikatoa hukumu: "Mwalimu, hedi gasketi imekwenda. Na kwa ilivyochemka, hedi yenyewe itakuwa imepinda." Laki sita na nusu. Akalipa nusu, akapanda bajaji akaenda zake.

Siku ya pili nikafungua hedi. Gasketi nzima. Nikalaza rula ya chuma juu ya hedi, nikajaribu kupitisha kibati cha milimita 0.05 chini yake, huku na huku, kona kwa kona. Hakikupita popote. Hedi imenyooka. Gari ya watu iko wazi kama samaki aliyepasuliwa, na mimi sina ugonjwa wa kumwonyesha mwenyewe.

Kijana wangu ndiye aliyeuokota ule mfuniko wa rejeta kwenye beseni la nati. Akaugeuza, akabonyeza springi yake kwa dole gumba. "Bosi, raba imeliwa hii."

Mfuniko wa rejeta si kizibo cha chupa. Kazi yake ni kushikilia presha. Ule ulioandikwa 1.1 unayafanya maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka, yafike kama 120 hivi. Raba ikiliwa au springi ikilegea, presha haishiki. Mjini hutajua, maana injini haifanyi kazi nzito. Anza kuupanda mlima wa Newala na abiria sita, maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, yanamwagika barabarani. Ukifika juu rejeta ina nafasi tupu, ukiangalia chini ya gari hakuna kinachovuja, na fundi mwenye haraka atakwambia maji yanaingia kwenye injini.

Mfuniko mpya ulikuwa shilingi elfu kumi na tano. Gasketi mpya ilibidi nifunge, kwa sababu ukishafungua hedi ile ya zamani hairudishwi. Nilimpigia mwalimu nikamweleza kila kitu, nikamrudishia hela ya ufundi. Ya gasketi alikataa kuipokea. "Iache hiyo, fundi. Ni ada." Nikamwambia ada ya nani? Akasema, "Yako."

Basi gari inayochemsha, kabla hujatoa hata mia kwa ajili ya gasketi wala injini, vipimo vyake ni hivi. Vyote vinafanyika mbele yako, na vingi havihitaji chombo chochote.

Kwanza uulizwe inachemsha wapi. Fundi asiyeuliza hivyo bado hajaanza kazi. Ikichemsha ukiwa umesimama au kwenye foleni, ukikimbia inapoa, mshuku feni: mota, relei, nyaya. Ikiwa mjini nzuri lakini inachemsha mlimani au ukikanyaga mafuta safari ndefu, tazama rejeta iliyoziba, mfuniko, pampu ya maji, thamostati (kile kilango kinachoyafungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta). Huku kwetu pwani rejeta zinaliwa upesi, chumvi ya baharini inakula vile vibati vyembamba vya nje, na ndani kuna maji ya kisima yenye chumvi ambayo mtu ameyajaza miaka mitatu. Usiweke maji ya namna hiyo. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), au angalau maji safi yasiyo na chumvi mpaka utakapoipata.

Halafu asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiuguse mfuniko, utaungua uso), vuta stiki ya oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Hapo kuna kosa dogo linalofanywa sana: utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Gari ya safari fupifupi, Shangani hadi sokoni na kurudi, inaweza kuupata kwa jasho la injini tu. Stiki ndiyo yenye neno.

Washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, hasa kama maji yamejazwa juzi. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye njia ya maji. Izime, funga mfuniko, iache ipoe, kisha iwashe tena ikiwa baridi huku umeshika mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja mbili, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, hiyo presha haikutokana na joto.

Thamostati inapimwa jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, injika motoni. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, yaani kabla maji hayajatokota utaiona inaachia. Maji yakitokota nayo bado imefumba, imekufa. Kuna mtindo wa kuitoa na kuitupa, "nchi ya joto haihitaji". Siupendi. Injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta, na tatizo lenyewe linajificha badala ya kupona.

Kama mpaka hapo dalili zinaelekea kwenye gasketi, ndipo geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo wa kila silinda) inapotoka. Plagi zinatolewa zote, kila silinda inapimwa, namba zinaandikwa kwenye karatasi. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, kila injini ina zake. Tazama tofauti. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote mbili na nyingine ziko sawa, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Silinda moja ikiwa chini, inadondoshewa oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, angalia valvu au gasketi. Ipo pia dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikinusa gesi ya moshi inageuka njano. Si kila gereji inayo, lakini geji ya kompresheni fundi wa injini hana sababu ya kuikosa.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo fundi akikwambia, tii kwanza maswali baadaye. Boli jointi (kiungo cha tairi la mbele) iliyolegea, breki zinazovuja, mshale wa joto ukiwa juu na wewe bado unataka "kujikongoja mpaka Mnazi Mmoja". Hapo paki. Mkanda wa taimingi nao haungoji dalili, unabadilishwa kwa kilomita. Dizeli nyingi za Toyota zina taa kabisa ya T-BELT ya kukukumbusha, na kwenye injini ambayo valvu na pistoni hukutana mkanda ukikatika, mwenye gari aliyedhani anabana matumizi ndiye atakayenunua hedi.

Na mashine ya kusoma kompyuta ya gari isikutishe. Inakuonyesha mahali panapolalamika. Kipi kinunuliwe ni kazi ya fundi kutafuta.

Kumuuliza fundi ndiko kunakowashinda wengi, hasa akina mama, kwa sababu fundi huwa anajibu kama ametukanwa. Ukisema "una uhakika?" umeshaanza ugomvi. Sema, "Fundi, naomba unionyeshe na mimi nijifunze." Mtu anayeijua kazi yake anapenda kuonyesha, atakuita, atakushikisha, hata kama hukutaka atakuchafua mikono. Anayebahatisha atakwambia hutaelewa. Kuna na yule wa "injini iko moja tu Gerezani, Dar, tuma hela leo". Spea zetu nyingi zinatoka Dar kweli, mzigo unapanda basi na kesho yake unaupokea stendi. Lakini gari iliyokwisha kuegeshwa haiongezeki ugonjwa kwa kulala siku mbili. Wewe iache ilale.

Tena kwenye hili la kubadilisha injini kuna kitu watu hawakiulizi: ya kwanza iliuawa na nini? Injini ya mtumba hujui imetembea kilomita ngapi huko Japani, na utaifunga kwenye rejeta ileile, feni ileile, mfuniko uleule. Kama fundi hajataja kilichoichemsha ya kwanza, unanunua ya pili ili nayo ichemke. Na kabla haijafungwa nayo ipimwe kompresheni, dhamana iandikwe kwenye risiti, spea zako za zamani zirudishwe mkononi mwako hata kama utazitupa.

Yule ndugu wa Masasi alirudi kwa fundi wake asubuhi na maneno niliyompa. Fundi alinuna. Alikaa kimya nusu saa hivi, akijifanya anashughulika na pikipiki ya mtu, halafu akaenda kuazima geji kwa jirani. Nikatumiwa namba nne kwenye karatasi ileile, upande wa pili: ya kwanza na ya nne zinakaribiana, ya pili na ya tatu ziko chini sana. Nikampigia fundi mwenyewe, tukasalimiana, tukaongea kama watu wa kazi moja. Akakubali kufungua hedi kabla ya kuagiza injini.

Jioni ikaja picha nyingine. Gasketi imeshikwa kwa vidole vyenye grisi, na kati ya tundu la pili na la tatu kuna mstari mweusi, umeungua kabisa. Injini haikuwa imekufa, ila gasketi ilikuwa imekwenda kweli. Hedi imepelekwa kwa wachonga vyuma, na nimewaambia wote wawili kwamba kabla ya kuirudisha, rejeta itolewe ikazibuliwe. Bado sijajibiwa kuhusu rejeta.