Kolaji ya kichwa cha ukurasa ni kitu gani?

Kolaji ni picha moja iliyoundwa kwa vipande vya picha nyingi. Ukizipanga picha sita kwenye visanduku sita vinavyolingana, hapo umekunjua albamu tu. Kolaji huanza pale picha zinapopandana na kupishana nafasi, jicho likaziona ni kitu kimoja.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na asili yake ni kitenzi cha kubandika kwa gundi. Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kwenye mchoro wake kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, na mwaka huohuo Georges Braque akaanza kubandika karatasi za ukutani. Lakini kuunganisha vilivyochapwa hadi vikawa kimoja halikuwa jambo geni Unguja. Historia ya kanga husimuliwa hivi: karne ya 19 wanawake wa hapa walinunua leso zilizochapwa, zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu na kuzishona ubavu kwa ubavu hadi ikapatikana nguo moja ya leso sita. Ziliitwa leso za kushona. Baadaye wafanyabiashara wakaona bora kuichapa nguo nzima kwa mara moja.

Naitaja kanga kwa sababu ndiyo ninayoifikiria kila ninapotengeneza picha ya kichwa, ile ndefu nyembamba inayokaa juu kabisa ya ukurasa wa Facebook au tovuti. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ndio uwanja wa nakshi, pindo linauzunguka, na jina lina mahali pake ambapo nakshi haiingii. Wengi wanaoanza hujaza mji mpaka ukingoni, halafu ndipo wanapokumbuka kwamba kuna maneno ya kuandika.

Pindo hapa si urembo tu. Facebook huonyesha picha ya jalada, ndiyo hiyo ya kichwa, kwa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 820 kwa 312 hivi kwenye kompyuta, na 640 kwa 360 hivi kwenye simu. Maumbo hayo hayafanani, kwa hivyo picha ileile hukatwa mbavuni kwenye simu na hukatwa juu na chini kwenye kompyuta. Mimi hufungua turubai, yaani uwanja mtupu wa kupangia picha, ya pikseli 1640 kwa 720, kisha nahesabu pikseli 180 za kila ubavu na 48 za juu na za chini kuwa ni pindo. Humo naweka mawingu, maji, mchanga, au mistari ya ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mikeka. Uso wa mtu na jina la kikundi havikai pindoni hata siku moja.

Sasa tuje kwenye tabaka, ambazo mafundi wengi wanaziita leya. Hapa ndipo programu ya kuhariri picha inapopishana na mkasi na gundi. Chukulia una karatasi za nailoni, kila moja umechora kitu chake, umezipanga moja juu ya nyingine. Ukitazama kutoka juu unaona picha moja. Ukiivuta ya katikati, ya chini yake haichaniki. Photoshop ilipotoka mwaka 1990 haikuwa na tabaka. Zilikuja na toleo la 3 mwaka 1994. Kabla ya hapo ukishabandika umebandika. GIMP, ambayo ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, nayo leo inafanya yote ninayoyaeleza hapa. Asiye na kompyuta ya nguvu anaweza kutumia Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari.

Kazi niliyojifunzia zaidi ni ya kina mama wasusi wa mikeka, Pemba, upande wa Wete. Walitaka picha ya kichwa kwa ukurasa wao wa kuuzia. Wakanitumia picha kumi na moja kwa WhatsApp, zote zimeshapungua ubora njiani, maana WhatsApp huzibana picha za kawaida ili zisafiri haraka. Nikawaomba wazitume tena kama faili, na hapo zikafika nzima: miyaa, yaani majani ya kusukia, imeanikwa, ukili umetiwa rangi ya zambarau na kijani, mikeka imetandikwa barazani, na kina mama wenyewe wamekaa wanasuka huku wanacheka.

Nikaweka mkeka mmoja tabaka ya chini kabisa, ukaenea turubai yote. Juu yake mikono inayosuka, ubavu wa kulia. Kushoto miyaa juani. Tukabaki na picha nne kati ya kumi na moja, na katibu wao hakupenda. "Sasa na ile ya ngalawa, mwanangu?" Ngalawa ilikuwa nzuri kweli, lakini wao hawauzi samaki.

Picha nne zilizopigwa na simu nne kwa saa nne tofauti hazipatani. Ya mchana ni nyeupe kali, ya jioni ina umanjano. Dawa yake ni tabaka moja ya rangi tupu juu ya zote, iliyofifishwa mpaka asilimia 15 hivi, ikapenya kila mahali. Ndivyo urojo unavyofanya: bajia, kachori na mbatata zina asili zake, lakini ule mchuzi wa manjano ukishamiminwa, bakuli ni moja.

Kinachobaki ni kuziunganisha picha bila mpaka wa kisu kuonekana, na chombo chake ni barakoa. Simaanishi ya hospitali. Fikiria barakoa ya mabibi wa Unguja wa zamani, iliyositiri uso na kuacha macho. Barakoa haikati uso, inausitiri tu. Kwenye programu, kila tabaka unaweza kuivika barakoa yake: palipopakwa nyeupe huonekana, palipopakwa nyeusi hufichika, na kijivu huacha picha ionekane nusu, kama kitu nyuma ya shela. Ukipaka weusi unaofifia taratibu kuelekea weupe, ukingo wa picha unayeyuka ndani ya jirani yake. Ukikosea, unapaka nyeupe na picha inarudi. Kifutio hakina huruma hiyo, ndiyo sababu nimeacha kukitumia.

Jina la kikundi nililiandika mwisho, tabaka ya juu kabisa, kwa herufi nene zisizo na mikia. Chini yake nikatia kivuli kipana cha rangi iliyokoza, kwa sababu maandishi meupe juu ya ukili wa rangi tano hayasomeki.

Faili zinakuwa mbili. Ya kazi, ambayo kwa GIMP ni XCF na kwa Photoshop ni PSD, ndiyo inayohifadhi tabaka zote. Ya kupandishwa mtandaoni ni JPEG au PNG, ambamo tabaka zimeshagandamana kuwa moja. Niliwahi kuhifadhi JPEG peke yake kwa kazi nyingine. Mteja akataka nambari ya simu ibadilishwe, nikaanza upya usiku kucha.

Safari hii nilikosea kwa upande wa pili. Kina mama walikuwa wamesema tangu mwanzo, "Mikono tu, nyuso zetu ziache," nami nikazisitiri nyuso kwa barakoa, picha ikatoka safi. Kisha kwa kutaka wema nikamtumia katibu faili ya kazi, ili kijana wao aweze kubadilisha bei siku za mbele. Jioni akanipigia. Kijana ameifungua, amegusa kitu, na Bi Mkubwa wao yuko hapo kwenye kioo anacheka, kichwa wazi.

"Si ulisema umezitoa?"

Sikuwa nimezitoa, nilikuwa nimezivika. Nikafungua faili yangu, nikaenda kwenye picha ya mikono, nikaikata mabegani kwa kisu chenyewe, na zile barakoa mbili nikazitumia moja kwa moja kwenye picha hadi kilichofichwa kikafutika. Kisha nikamtumia faili mpya, na kumwomba yule kijana aifute ya zamani mbele ya macho yao.