Hizo nukta zenu za saintpaulia

Nimeletewa tena ramani ya saintpaulia, lile ua dogo la msituni linalopandwa pia kwenye vyungu, yenye nukta zilizorundikana juu ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, na maelezo kwamba ua hili "linapendelea" Amani. Wanaopendelea Amani ni wataalamu wa mimea! Wajerumani walijenga kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na mtu anayelala kando ya msitu huchuma kando ya msitu. Rekodi za hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi zenye lebo, zinaonyesha alikopita mkusanyaji. Pasipo na nukta hapajasema lolote.

Hilo walau wengi hulikubali ukiwaeleza. Kinachonichosha ni koordineti, yaani namba za latitudo na longitudo. Lebo ya zamani haina koordineti. Ina maneno: "Usambara Mashariki, Amani, kwenye miamba, kivulini, 3000". Basi. Miaka mingi baadaye mtu kama mimi anaketi na ramani, anakadiria: 5°06′ kusini, 38°38′ mashariki. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, na katika milima ile umbali huo unatosha kukushusha kutoka ukingoni hadi bondeni. Kisha programu inageuza makadirio yangu kuwa -5.10000, na wewe unadhani kuna mtu alisimama palepale na GPS mkononi. Kwenye data kuna safu nzima ya kiwango cha shaka, yaani nukta inaweza kuwa imekosea kwa mita ngapi; isomeni jamani. Nami nikijaza humo mita 5,000, mwenzangu kwa lebo hiyohiyo angejaza 2,000, na hatuna njia nzuri ya kuamua nani yuko karibu na ukweli.

Ile 3000 ni futi, kama mita 914. Ukiisoma kuwa mita, ua limeota hewani. Usambara haina kilele kirefu hivyo.

Nakala nazo. Mkusanyaji mmoja, namba moja, siku moja: karatasi moja Arusha, ya pili Nairobi, ya tatu Kew, bustani ya mimea ya London. Mtandaoni ni nukta tatu. Linganisha jina na namba ya mkusanyaji kabla ya kuhesabu.

Halafu majina. Wendland, mtaalamu wa mimea Mjerumani, alilielezea ua hili kisayansi mwaka 1893. Spishi zikaongezwa zikafika kama 20, mwaka 2006 zikapunguzwa hadi 6, na 2015 jenasi nzima, yaani kundi lote la spishi hizo, ikaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Kuna aliyeniambia kwa huzuni kwamba spishi fulani haijaonekana tangu 2006. Ilibadilishwa jina tu, ndugu yangu. Ila nikiri, spishi nyingi kati ya hizo zilitenganishwa kwa vinyweleo vya majani, vilivyosimama au vilivyolala, na jani likishakandamizwa na kukauka vyote vinaonekana vimelala. Zipo karatasi ninazozirudisha kabatini na alama ya kuuliza.

Na msifute nukta za maeneo ya chini, karibu na pwani, kwa kuwa "ni ua la milimani". Von Saint Paul-Illaire mwenyewe, yule Mjerumani ambaye ua limepewa jina lake, alitaja sehemu mbili: msitu wa Usambara, na nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga.