Je, kifafa cha mimba kikikupata mara ya kwanza, lazima kirudi?

Ujiji, Mwandiga, Kasulu, popote mkoani Kigoma, mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba akitaka mtoto wa pili husikia maneno ya aina mbili. Mama mkwe humwambia, "Hayo ni ya uzazi wa kwanza, mwanangu, yameshapita." Shoga yake humwambia asithubutu, maana safari hii hatapona. Wote wanamtakia mema, lakini hakuna aliyepatia.

Kwanza tuelewane: hapa nahesabu na hatua ya awali kabla ya degedege, yaani presha kufika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, mara nyingi pamoja na protini kwenye mkojo. Nchini Uswidi, rekodi za akina mama zaidi ya 700,000 waliojifungua kati ya 1987 na 2004 zilionyesha kwamba kwenye mimba ya kwanza tatizo hili liliwapata kama 4 kati ya 100. Waliosalimika mara ya kwanza, mimba ya pili liliwapata kama 1 tu kati ya 100. Waliokwisha kulipata, liliwarudia kama 15 kati ya 100. Uswidi si Kigoma, na namba zenyewe huenda zikawa tofauti huku. Hata hivyo, 15 si jambo la kusema limeshapita, na wale 85 ambao hawakurudiwa ni wengi mno kwa mtu kuambiwa asizae tena.

Wapo pia wanaomlaumu mwanamke mwenyewe: alikuwa na mawazo, aligombana na mumewe. Lawama hii inaumiza, na haina msingi. Mawazo yanaweza kupandisha presha kwa muda, ila ugonjwa huu huanzia kwenye kondo la nyuma. Ushahidi mmoja unashangaza kweli: mwenye mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto bali kondo lililokua ovyo, anaweza kuugua ugonjwa huuhuu, tena kabla ya wiki ya 20. Mtoto hayupo, kondo lipo, na ugonjwa upo. Kondo likitoka, ugonjwa huanza kuondoka. Nasema huanza, kwa sababu degedege linaweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Kondo linakosea wapi? Mishipa inayolipelekea damu ni myembamba na imejisokota. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo huingia kwenye kuta za mishipa hiyo, huondoa misuli yake na kuitanua mdomo. Fikiria Malagarasi. Kwenye majimaji ya Moyowosi mto umetandaa, maji yanapita taratibu na kila unyasi unakunywa. Ukifika maporomoko ya Igamba, maji yaleyale yanabanwa na mawe na kushuka kwa kishindo. Kondo linahitaji damu ya Moyowosi. Mishipa isipotanuka, damu huingia kama Igamba na kulijeruhi kondo, nalo huachia kemikali zinazoharibu utando wa mishipa ya mama mwili mzima, kuanzia figo na ini hadi ubongo. Presha inayosomwa mkononi huja baada ya hayo yote.

Kwa nini basi mimba ya kwanza ndiyo hupatwa zaidi? Inaonekana mishipa iliyokwisha kutanuka mara moja hubaki na mabadiliko, hivyo mimba inayofuata haianzi upya kabisa. Inadhaniwa pia kinga ya mama hujifunza kuzivumilia chembe zenye asili ya baba, ila hapa ushahidi ni mwembamba. Zamani ilisemwa kubadili mume ndiko kunakorudisha hatari. Mwaka 2002 utafiti wa Norwe ukaonyesha kwamba kinachopandisha hatari ni miaka inayopita kati ya uzazi na uzazi. Ikifika 10 au zaidi, hatari hukaribia ile ya mimba ya kwanza. Hilo lisimkimbize mtu: Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Basi nani arudiwe? Jibu kubwa liko kwenye kadi ya kliniki ya mimba iliyopita, ile ambayo wengi huitupa mtoto akishaacha ziwa. Pitisha kidole kwenye presha: 110/70, 120/80, halafu wiki ya 33 ghafla 150/100, na kwenye mkojo alama mbili za kujumlisha (++) za protini. Wiki hiyo ndiyo ya kumwonyesha daktari. Aliyelazimika kuzaa njiti kati ya wiki ya 28 na 34, makadirio ya Uingereza yanasema hurudiwa 1 kati ya 3. Aliyeugua mimba imeshakomaa yuko chini sana ya hapo. Jambo la pili ni presha baada ya uzazi: kama wiki ya 12 bado iko juu, huenda ana presha yake mwenyewe au figo zina shida, na hiyo itibiwe kabla ya kubeba mimba, kwani baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mjamzito.

Aliyewahi kuugua hupewa aspirini ya kipimo kidogo, miligramu 75 kwa siku kwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani, ianze kabla ya wiki ya 20. Madaktari wengi huanza wiki ya 12, mishipa ikiwa bado inatanuliwa. Asijinunulie dukani. Ila huku kwetu mimba hufichwa mpaka tumbo lijitangaze, na anayefika kliniki mwezi wa sita ameshapitwa na muda huo. Vidonge vya kalisi (kalsiamu) navyo husaidia pale chakula kinapokuwa na kalisi kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanayo, lakini wasimfanye mtu aache vidonge alivyoandikiwa.

Anayeishi vijiji vya ziwani kama Kalya, ambako safari hutegemea boti, asogee karibu na hospitali kabla ya kufika wiki aliyougua mara ya kwanza. Na akiumwa kichwa kisichotulia, akaona maruweruwe au akabanwa na chembe cha moyo, aende siku hiyohiyo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo.