Kusajili kemikali Ulaya: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Ni kitu cha asili, hakisajiliwi." Mafuta ya makonyo ya karafuu ya Zanzibar hukamuliwa kwa mvuke tu, lakini yugenoli, kemikali iliyomo, huleta mzio wa ngozi. REACH, sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2007, husamehe kitu cha asili pale tu kisipostahili alama ya hatari. Kwa hiyo muagizaji anayefikisha tani 1 kwa mwaka hana budi kusajili. Mzalishaji aliyeko Unguja hawezi kusajili mwenyewe, ila anaweza kuteua "mwakilishi pekee" huko Ulaya, anayesajili kwa niaba yake. Mafuta yanayokwenda kwenye chakula au dawa yana sheria zake.

"Panya hakudhurika kwa miligramu 100, basi hicho ndicho kiwango salama." Hapo hesabu ndiyo kwanza inaanza. Tuseme ni miligramu 100 kwa kilo ya uzito kwa siku, katika jaribio la siku 28. Unagawanya kwa 4 na kwa 2.5 ili kutoka kwa panya kufika kwa mtu, kwa 5 kwa sababu wafanyakazi hawafanani, kisha kwa 6 kwa kuwa siku 28 si miaka ya kazi. Jumla ni 300, na mfanyakazi anabaki na miligramu 0.33. Kwa raia wa kawaida, wakiwemo watoto, ile 5 huwa 10, nacho kiwango hushuka hadi 0.17. Inayosahaulika mara nyingi ni ile 6; ukiiacha unapata miligramu 2, na ripoti nzima inaonekana shwari kwa uongo.

Kosa jingine ni kupima kila njia peke yake. Hewa ikichukua 0.6 ya kiwango salama na ngozi 0.5, kila moja imepita, lakini mwili ni mmoja: 1.1, imeshindwa. Kwa viumbe wa majini, usitafute wastani wa samaki, kiroboto-maji na mwani. Chukua aliyedhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Kama una majaribio ya muda mfupi tu, gawanya kiasi hicho kwa 1,000 ili kupata kiwango salama.

"Kila kemikali ina namba yake salama." Kwa vinavyoleta mzio, mara nyingi namba haipatikani. Unaeleza kwa maneno: glavu za aina gani, mtambo uliofungwa, nani asiguse.

"Chini ya tani 10 hakuna kazi." Kinachosamehewa ni ripoti ya usalama wa kemikali. Jalada la usajili, yaani faili la taarifa za kemikali, linabaki palepale, pamoja na maelekezo ya matumizi salama.

"Tumepewa namba ya usajili, maana yake imeidhinishwa." Namba hiyo huonyesha kwamba jalada limekamilika. Wakala wa Kemikali wa Ulaya, ulioko Helsinki, unaweza kulifungua tena baadaye na kudai majaribio mapya, kwa gharama ya aliyesajili.