Je, wajua kwa nini taa za gari nyeupe ya zamani zinageuka njano na rangi inatoa unga?

Chukua Corolla 110 nyeupe iliyolala juani miaka na miaka. Pitisha kidole kwenye boneti kinatoka na unga mweupe, ukicheki taa za mbele zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wengi wanadhani ni uchafu, wanasugua na sabuni wee mpaka mkono unauma na wapi, haitoki. Ni jua hilo, ila kwenye taa limefanya yake na kwenye rangi limefanya mengine kabisa ndo maana dawa zake hazifanani.

Tuanze na taa. Zamani zilikuwa za kioo, Peugeot 504 ya mzee inaweza ikaoza milango yote minne lakini kioo cha taa kiko safi tu (na ukiona inamulika njano hiyo ni balbu, Ufaransa walikuwa wanalazimisha mwanga wa njano mpaka 1993). Miaka ya 80 viwanda vikaanza kuhamia kwenye plastiki inaitwa polikaboneti, Marekani waliiruhusu 1983, kwa sababu ni nyepesi, unaifinyanga umbo unalotaka, na lori likikurushia kokoto haipasuki kirahisi. Shida ni kwamba inachubuka haraka, halafu miale ya UV ya jua inaivunjavunja taratibu mpaka inakuwa njano. Kiwandani wanalijua hilo toka mwanzo, kwa hiyo juu wanaipaka koti nyembamba ngumu ya kuikinga. Koti hiyo ndo inayokufa, na ukiona taa ina mabaka, huku safi huku ukungu, ujue imeanza kubanduka.

Sasa ile ya kusugua na dawa ya mswaki sio uongo, ina chembe za kusugulia kweli na taa inang'aa, unapiga picha unaweka status. Ila umemalizia na koti kidogo iliyokuwa imebaki, plastiki iko uchi, subiri miezi kadhaa uone. Fundi anayejua anabandika maskingi tepu pembeni asichubue rangi, anaanza na msasa wa maji namba 800 au 1000 huku anamwagia maji, mwanzoni yanachuruzika ya njano, anaendelea mpaka yawe meupe tupu, anahamia 2000, 3000, kompaundi (dawa nzito ya kusugulia na kung'arisha), na mwisho anapiga klia, yaani rangi ya juu inayoonyesha kama kioo, yenye kinga ya UV. Akiishia kwenye kompaundi umelipia nusu kazi. Na kama kuna matone ya maji kwa ndani hiyo ni sili, ile ya kuziba maji yasiingie, imechoka, msasa hausaidii kitu.

Rangi nayo. Weupe wake unatokana na unga wa titani dioksidi, na gari nyingi nyeupe za miaka ya 90 zilipigwa rangi bila klia juu. Jua linakula ile gundi inayoshika unga, gundi ikiisha unga unabaki juu juu ndo huo unaokupaka kidole. Kupima, weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa cheusi usugue sehemu iliyojificha: kikitoka na weupe hongera, hakuna klia, chini ya hiyo tabaka iliyokufa kuna rangi nzima na itarudi. Ila kama juu kuna klia na inabanduka vipande vipande, hapo polishi ni kupoteza hela, ni rangi mpya tu.

Vile vidoti vya rangi ya chungwa usiogope sio lazima bodi inaoza, mara nyingi ni vumbi la chuma la breki limejichoma kwenye rangi likapata kutu, kwenye gari nyeusi yapo pia huyaoni tu. Yanatoka na dawa ya kuondoa chuma, ile inageuka zambarau, kisha udongo wa kusafishia rangi, ndipo kompaundi na waksi. Mashine ya kupigia polishi peleka sehemu za bapa tu, kwenye kona na mikunjo tumia mkono, rangi pale ni nyembamba na ukipitiliza kidogo unakutana na praima, rangi ya msingi iliyo chini.