Panya wa Sydney Anayerudishwa Kwao

Mtu akisikia kwamba wataalamu wamebeba panya kwenye gari na kwenda kuwaachia katika jiji la Sydney, Australia, hushtuka. Si ndiye huyu tunayemtega darini? Siye. Kuna panya wawili hapa, na tukiwachanganya hatutaelewa lolote.

Panya wa darini, Rattus rattus, mwenye mkia mrefu kuliko mwili, ndiye anayetoboa magunia yetu Kariakoo na Mombasa. Asili yake ni Bara Hindi, na ameenea duniani kwa kupanda meli. Sydney alifika na Waingereza, walioanza kuhamia huko mwaka 1788. Mwenyeji aliyemkuta ni Rattus fuscipes, panya wa vichakani. Mkia wa huyu hauzidi mwili, hana haja na nyumba za watu, na chakula chake ni uyoga, mbegu, wadudu na utamu wa maua. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, iliyoingia Sydney mwaka 1900 iliua watu 103, na inadhaniwa kwamba msako wa panya uliofuata ulimfagia hata huyu asiye na hatia. Vichaka vya kando ya bandari vikabaki bila yeye, na mgeni akavijaza. Mgeni huyo hukwea miti na kula mayai na makinda ya ndege.

Peter Banks wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walijiuliza: mwenyeji akirudi, ataweza kulinda eneo lake? Mwaka 2011 waliwatega wageni kwanza, kisha wakawaachia wenyeji waliotolewa kwenye misitu ya nje ya jiji. Utaratibu huo una maana kubwa. Panya aliyekwisha kukaa mahali humfukuza anayekuja nyuma, kwa hiyo anayetangulia ana nguvu.

Kwenye rasi ya North Head, karibu na kitongoji cha Manly mjini Sydney, shirika la Australian Wildlife Conservancy limewarudisha panya hao, na baada yao posamu mdogo wa mashariki, mnyama anayelea watoto kwenye mfuko wa tumboni. Huyu ana uzito wa gramu 15 hadi 43. Yai la kuku linamzidi. Usiku hulamba maua ya mti wa banksia kwa ulimi wenye vinyweleo kama brashi, akabeba chavua usoni hadi ua jingine. Mimi humwona kuwa mkulima wa kichaka kile. Yupo pia antekinasi wa kahawia, mnyama mdogo mla wadudu anayefanana na panya, ambaye madume yake yote hufa baada ya msimu wa kupandana, kabla ya kutimiza mwaka. Anayetaka kumhamisha lazima ajue kalenda hiyo vizuri.

Kuwaachia ni kazi ya usiku mmoja, kuwalinda hakuishi. Mbweha wekundu walioletwa kutoka Ulaya wapo, paka wa majirani wapo, na sumu ya panya haichagui. Mwaka 2020 moto uliowashwa makusudi ili kupunguza nyasi kavu uliponyoka na kuunguza sehemu kubwa ya rasi. Kwa hiyo jirani wa kichaka anayemfungia paka wake ndani usiku anafanya uhifadhi kama sisi wahifadhi.

Mafanikio tunayapima kwa mitego isiyoua. Wanyama walioletwa hutiwa alama kabla ya kuachiwa. Siku mtafiti anapofungua mtego alfajiri na kukuta kinda asiye na alama yoyote, hujua kwamba huyu hakuja na gari: amezaliwa hapo.