Vijiti kwenye karatasi si jam

Mwezi huu ni mteja wa tatu. Anaingia ofisini na faili, anaifungua kwenye ukurasa uliojaa vijiti vilivyochorwa vitano vitano, kisha ananiambia bila wasiwasi wowote: "Injinia, tumehesabu. Saa mbili asubuhi magari ni machache kuliko saa nne. Kwa hivyo hapo hakuna jam." Alitaka kujenga maduka kando ya barabara kuu ya A8 (iliyokuwa A104), upande wa Free Area hapa Nakuru, na karatasi hiyo ndiyo aliyotaka niitie sahihi.

Sikuitia. Naandika haya, nikijibu maneno ninayoyasikia kila mara kuhusu jam, ili wa nne asijisumbue kuja.

"Ukitaka kujua jam ni kubwa kiasi gani, hesabu magari"

Anayesimama kwenye makutano akichora vijiti anahesabu magari yaliyopita. Jam ni yale ambayo hayajapita.

Simama kwenye taa yoyote na saa yako. Kijani kikiwaka, gari la kwanza huchelewa kidogo, dereva bado anatafuta gia. Baada ya hapo yanatoka moja moja, kila baada ya sekunde mbili hivi. Hiyo ni kama magari 1,800 kwa saa katika leni moja, kama kijani kingewaka saa nzima. Kijani kikipewa nusu ya muda, yanabaki 900. Huo ndio mlango, na haupanuki eti kwa sababu watu wamechelewa kazini.

Sasa tuseme kati ya saa moja na saa mbili asubuhi yanakuja magari 1,000. Mlango unatoa 900. Saa mbili ikigonga, 100 yamebaki kwenye foleni. Yakichukua mita saba kila moja, mkia uko mita 700 nyuma ya taa, na gari la mwisho litasubiri karibu dakika saba. Baada ya hapo wanaokuja wapungue hadi 700 kwa saa: foleni itaisha saa mbili na nusu. Kwa muda wote huo kijana wa vijiti ameandika kitu kile kile, magari 900 kwa saa. Foleni ya magari matano na foleni ya magari mia, kwenye karatasi yake, ni ndugu mapacha.

Na hiyo ni siku njema. Siku mbaya, trela linaloelekea Malaba linaingia katikati ya makutano taa ikigeuka, matatu inajipenyeza ubavuni mwake, wa upande wa pili nao hawakubali kubaki, na makutano yanafungwa. Karibu hakuna anayepita. Kijana anachora vijiti kumi kwa robo saa nzima, na huo ndio "uchache wa magari" alioniletea mteja wangu. Saa nne barabara imefunguka, vijiti vinajaa ukurasa, kisha tunaambiwa msongamano uko saa nne! Tangu mhandisi Greenshields achore grafu yake ya kasi na wingi wa magari huko Marekani mwaka 1935, wahandisi wanajua kwamba idadi ndogo ya magari yanayopita ina maana mbili: barabara ni tupu, au barabara imekwama. Bila kupima kasi huwezi kujua ni ipi.

Dawa yake si ghali. Toka kwenye taa, tembea hadi mkiani mwa foleni, andika mkia uko wapi kila dakika tano. Kisha weka vijana wawili wenye saa zinazolingana, mmoja mtaa wa Pipeline, mwingine mjini, kila mmoja akiandika tarakimu tatu na herufi ya mwisho ya namba za magari, na dakika yalipopita. Jioni mnalinganisha madaftari kuona kila gari limetumia dakika ngapi. Ukishindwa na hilo, panda matatu asubuhi sita mfululizo. Huwa nawaambia wateja hivyo na hawanipendi, maana wengi wao hawajakaa kiti cha matatu miaka mingi.

Tukiwa hapo, jumlisha kusubiri kwa magari yote katika ule mfano wangu: unapata saa 75. Sasa yaondoe magari 50 tu kati ya yale 1,000. Foleni inafika 50 badala ya 100, inaisha mapema, na jumla inashuka hadi saa 31 hivi. Huhitaji kufukuza nusu ya mji. Stockholm walipojaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2006, yaliyovuka mpaka yalipungua kwa karibu moja ya tano tu, lakini muda wa kukaa foleni ulipungua kupita hapo.

"Jam inatupotezea mabilioni"

Ukilinganisha na nini? Hesabu nyingi za mabilioni huchukua kasi ya asubuhi na kuitoa kwenye kasi ya saa nane usiku, barabara ikiwa na mbwa wawili na mlinzi mmoja. Hakuna mji wenye kazi na soko utakaoipata kasi hiyo saa mbili asubuhi, hata ukimwaga lami hadi Molo. Sisemi hasara haipo. Lakini ipime dhidi ya kitu kinachowezekana.

Halafu hesabu watu, usihesabu mabati. Matatu ya abiria 14, pamoja na dereva na makanga, ni watu 16. Gari dogo lililo mbele yake mara nyingi lina mtu mmoja. Zikisubiri dakika saba zote mbili, hasara si sawa.

Na kuna hasara isiyoonekana kwenye daftari lolote. Anayetoka Lanet saa kumi na moja unusu alfajiri ili aikwepe jam anafika bila kuchelewa hata dakika, kisha anakaa nje ya duka lililofungwa. Kwangu mimi huyo ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote.

"Panueni barabara"

Barabara ya Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa rasmi 2012. Ulizeni wanaoipita asubuhi. Nafasi mpya huwaita waliokuwa wakipita kwingine na waliokuwa wakitoka mapema. Na kama mlango uko kwenye makutano, leni mnayoongeza kati ya makutano mawili ni maegesho.

"Boda boda ndio jam"

Boda inachukua nafasi ndogo kuliko gari. Tatizo ni pa kusimama, na hapo matatu haijapona: ikisimama sekunde 30 kupakia karibu na taa huku kijani kinawaka, magari 15 ya leni hiyo yamebaki nyuma.

"Simu inaonyesha nyekundu"

Rangi ya barabara kwenye ramani ya simu inakuambia kasi imeshuka ikilinganishwa na barabara ikiwa wazi. Haikuambii ni watu wangapi wamekwama. Kijia cha Kwa Rhonda chenye tuktuk tatu na Kenyatta Avenue Ijumaa jioni vinaweza kupakwa nyekundu moja.